Vizuri Sana, Kaa Chini

4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Huku sote wazima, mafua tu ndiyo yanatuzunguka. Goti lako linaendeleaje? Nikikupigia simu unaitika "haya, haya," kisha unakata. Una haraka ya wapi?

Nina habari. Shule zetu tatu zimekubaliana walimu tutembeleane madarasani. Tunakaa nyuma, tunamtazama mwenzetu akifundisha, kisha tunashauriana. Mimi ndiye mratibu! Nikawaambia tuanze na baba yangu, aliyenifundisha hesabu mpaka nikawa mwalimu. Usiniangushe.

Kitindamimba wako

11 Februari

Mama,

Marahaba. Goti ni la kizee, linajua mvua kabla yangu. Simu yangu haina sauti, bora barua.

Hao wageni wako waanze na vijana. Mimi sina jipya la kuonyesha. Lakini mwalimu mkuu kashikilia waje, basi waje. Wewe baki. Sitaki kusahihishwa na niliyemfundisha kuhesabu.

Baba

2 Machi

Baba,

Shikamoo. Najua ulinikataza, nikaja.

Yule mtoto wa dirishani alisema saba mara nane ni hamsini na nne. Ukamwambia, "Vizuri sana, kaa chini." Mwenzake akasema sitini. "Vizuri sana, kaa chini." Wote wawili, Baba! Kwenye kikao ukawa unatabasamu tu. Ilibidi nikutetee, nikasema unawatia moyo watoto. Ulikuwa unaumwa? Niambie.

Kitindamimba wako

20 Machi

Mama,

Salamu zimefika. Umenitetea kwenye kikao, lakini darasani nilikuona. Yule mwenzako mwenye miwani alikugusa kiwiko, ukainama, ukacheka. Sikusikia mlichocheka. Nilikuona wewe.

Simu yangu ni nzima, mama. Kibovu ni mimi. Masikio yamekwisha. Mtoto akifunga mdomo, najua amemaliza kujibu, namwambia vizuri sana.

Kicheko chako kimeniuma, lakini aibu yangu ni nyingine. Ni watoto wangapi wamekwenda kwao na jibu bovu, wanaliamini kwa sababu mwalimu kalisifu? Muhula ukiisha naacha kazi.

Baba

27 Machi

Baba yangu,

Shikamoo, kama bado nastahili kukuamkia. Nilicheka. Nilitaka wenzangu wanione mratibu, wasinione binti wa yule mzee. Naona haya hata kuandika.

Nimewaambia wenzangu mbele ya kikao: tulikwenda kujifunza kwa mwalimu, tukamcheka bila kujua kwamba hasikii, na niliyeanza ni mimi. Kisha yule mwenye miwani akasema darasa lake lina kelele mno hasikii kitu, kwa hiyo watoto wake huandika jibu kwenye kibao na kukiinua juu. Tumekata maboksi, tumeyapaka rangi nyeusi. Nakutumia na chaki. Mwambie mwalimu mkuu ukweli kabla hujaacha. Nisamehe.

Binti yako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Shule zimefunguliwa na hujajibu. Hata habari za goti huniambii?

Binti yako

3 Mei

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mama. Goti linatembea. Nilinyamaza kwa hasira, kisha kwa haya, kisha kwa sababu nilikuwa na kazi.

Mwalimu mkuu nimemwambia. Kumbe alijua tangu mwaka jana, akaona haya kunisemesha. Nami nikaona haya kumwambia. Watu wazima tunaoneana haya, watoto ndio wanaopotea. Amesema nibaki, tujaribu.

Jana nikauliza tena saba mara nane. Vibao vikapanda. Yule wa dirishani kaandika hamsini na nne, vilevile! Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Tuhesabu pamoja." Akashtuka, maskini. Hajawahi kusikia hapana kutoka kwangu. Tukahesabu mpaka akalipata jibu mwenyewe.

Waambie wenzako waje tena, na yule wa miwani akae mbele, nina maswali ya kumuuliza. Nawe njoo. Kiti chako kiko palepale nyuma. Ukitaka kucheka, mama, cheka kwa nguvu, nami nisikie.

Baba