Namba Zako Sijazigusa, Somo

Somo yangu Zainabu,

Ulisema ukifa usiletewe machozi, uletewe habari. Haya, pokea: vioo vimefika Nambilanje! Vimesafiri na lori kupitia Ruangwa, vimetandikiwa majani ya mgomba, na hata kimoja hakikupasuka. Bi Asumini na wenzake wanakaushia mihogo ndani ya masanduku yetu ya jua yaliyofunikwa kwa vioo hivyo, mvua inyeshe itakavyo. Makopa yametoka meupe, hayana ukungu. Nilikula ugali wake nikalia, nikaongezwa, nikala tena.

Lakini nusura tuvikose. Tangu homa ikuchukue, kituo chetu hapa Nachingwea kimeletewa kikompyuta cha mkononi, nikakabidhiwa mimi. Wivu ukushike huko huko! Nikakiandikia programu ya kugeuza vipimo vya joto la jua linaloingia sandukuni. Kile kipimo chetu kikuukuu unakijua, kinasoma kalori kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Makao makuu, wanaonunua vioo, wanataka wati kwa mita ya mraba. Basi programu ikawa inazidisha kila namba kwa 698. Nikaingiza vipimo vya msimu mzima, vyangu na vyako, karatasi zote zimesainiwa Zainabu.

Somo, kwenye majibu ya mashine siku nyingine jua lilitoka la kawaida, siku nyingine lingeyeyusha sufuria. Mtaalamu aliyekuja kukagua akasema kwa upole kwamba kipimo kibovu hakinunuliwi vioo, akanipa hadi kesho yake nieleze. Na Nambilanje wameshachimba mihogo! Bi Asumini alikuwa ameniambia, "Mwanangu, mwaka huu ikioza tena, sie tutakula nini?" Niliogopa, sikufichi.

Nikazipanga karatasi mezani. 0.9, tena 0.9, halafu ghafla 628. Nikaangua kicheko hadi mlinzi akachungulia dirishani. Ile 628 ilikuwa ya siku zile nilipokuwa kwetu Chinongwe kwa uzazi, kazi ukabaki nayo peke yako. Nilikuona kabisa, umeinama, unazidisha 0.9 kwa 698 kwa mkono, ili nikirudi na mtoto mgongoni nisipate taabu. "Simwachii somo mchele wenye mawe," ulikuwa ukisema. Namba zako ulishazigeuza. Mashine ikazigeuza tena.

Jua, hata la utosini, halifikishi kalori mbili kwa kipimo kile. Kwa hiyo nikaiamuru mashine: namba ya mchana ikiwa chini ya mbili, zidisha; ikizidi hapo, iache ilivyo. Jua likatulia. Mtaalamu akarudia hesabu kwa kalamu yake, akacheka, akatia saini. Siku hizi kila namba naiandika na kipimo chake ubavuni, ungenisifu.

Nimekumiss wapi? Kila mahali, rafiki yangu. Hasa saa ya chai, hakuna wa kunigombea kiazi.

Ndani ya programu mtu anaweza kuandika maneno ambayo mashine huyaruka, yakabaki kwa ajili ya binadamu tu. Kwenye ile amri ya kuacha nimeandika: HIZI NI NAMBA ZA SOMO, ZISIGUSWE. Watakuja wengine kuitengeneza upya, lakini nakuahidi, maadamu nipo, mstari huo haufutwi.

Pumzika, somo. Mchele ulikuwa safi.

Somo yako,
Zainabu