Siku Niliyochomoa Waya wa Spika

Jumapili, jioni. Mvua imetufuata kutoka kijijini Turbo hadi hapa mtaani Huruma, na baridi ya Eldoret imenifanya nivae sweta mbili. Mwili umechoka. Roho nayo haijatulia.

Leo tulienda nyumbani kule Turbo kumsherehekea Mama, ametimiza miaka sabini na tano. Nekesa, binti yangu wa miaka kumi na sita, ndiye aliyepewa kazi ya muziki. Alianza na nyimbo za kanisa, kisha rumba mbili tatu. Mimi na kaka yangu tukacheza pale uani hadi viatu vikajaa matope. Yale magitaa yalinirudisha kwenye redio ya marehemu Baba, Jumamosi mchana, yeye akigonga meza kwa vidole na sisi watoto tumekatazwa kugusa stesheni.

Halafu Nekesa akaweka wimbo wa rika lake. Mdundo mzito, Sheng ya vijana wa mjini inayokimbia. Wazee wa kanisa walioalikwa wakatazamana.

Nikachomoa waya wa spika.

Mbele ya watu wote. "Huo si muziki," nikasema. "Ni kelele."

Nekesa alitia simu mfukoni akaenda nyuma ya stoo ya mahindi.

Mama aliniita nikae karibu naye. Akaongea kwa sauti ya chini, wageni wasisikie.

"Ile disko ya mchana kule mjini, ulidhani sikujua?"

Uso ulinichoma. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kila Jumapili nilimwambia Baba naenda mazoezi ya kwaya, kumbe ndani ya sketi nimevaa jinzi. Karibu miaka thelathini nimejiona mjanja.

"Baba yako aliniuliza mara nyingi," Mama akasema. "Nilimwambia nimepita kanisani nikakusikia ukiimba sauti ya pili."

Mama yangu, asiyekunywa hata maji bila kuomba, alidanganya kwa ajili yangu. Baba angejua, ningelala nje.

Nilimfuata Nekesa. Nikamwambia nimekosea, arudi aweke wimbo wake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Sawa, Mum. Lakini usijifanye unaupenda."

Sikujifanya. Niliketi, nikausikiliza hadi mwisho, na sikuupenda. Mama alikuwa akitikisa mabega kwenye kiti chake, macho amefumba.

Nakiri hapa kile ambacho sikuweza kumwambia mtu: ninachokosa si zile nyimbo zetu tu. Namkosa yule msichana niliyekuwa, aliyetoka jasho diskoni saa tisa mchana, akirudi nyumbani akinukia sigara za watu wengine, akiamini hakuna anayemjua.

Sasa Nekesa amejifungia chumbani. Nasikia mdundo tu kupitia ukuta. Sijui yeye anaficha nini katika Jumapili zake, na siku nitakayojua, je, nitaweza kunyamaza muda wote huo kama Mama?