Mkeka Kabla ya Kitanda

Mama Agatha,

Naandika nimekaa kitandani, na najua jambo la kwanza ungeniuliza ni kitanda kimekaa upande gani. Nitafika huko. Unanifahamu, siwezi kueleza mwisho kabla ya mwanzo. Ulikuwa ukiniambia, "Mwalimu, mtu ameuliza njia ya kisimani, wewe unaanzia mvua inavyonyesha." Basi niache nianzie kwenye mvua.

Nimeshuka Liuli, kwenu ziwani. Tulisema nikistaafu tutashuka wote, tukae kwenye nyumba ile ndogo aliyokuachia baba yako. Ukatangulia kabla barua yangu ya kustaafu haijafika, tukakulaza Maguu, juu ya shamba la kahawa, karibu na mama yangu. Nilipowaambia ndugu zangu kwamba nashuka kama tulivyoahidiana, walicheka. Mmatengo kwenda kuishi kwa wakwe, tena mke mwenyewe hayupo! Kaka aliniuliza kama nimeolewa, na kama ni hivyo, mahari yangu waje kuidai kwa nani. Nilimjibu waidai kwa samaki.

Agatha hakucheka. Binti yako alisema baridi ya Maguu imenizoea na mimi nimeizoea, na kwamba joto la ziwani litaniweka macho hadi niugue. Tukapatana hivi: masika yakiisha atakuja kutoka Songea kunitazama. Akinikuta nimechakaa, nafunga mizigo siku hiyohiyo, napanda naye milimani bila ubishi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza chumba hiki cha kulala kilikuwa mtihani wangu. Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote nikasahau mtahiniwa anavyojisikia.

Kiinua mgongo kilikwenda kwenye bati, maana paa la makuti lilikuwa limeoza. Chumba kikabaki kitupu, nami nikabaki na akili zangu. Nikazunguka soko la Mbinga. Laiti ungeliona sasa. Unakumbuka miaka ile shuka ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kumfahamu mtu? Ulishona shuka zetu kwa mifuko ya unga wa ngano. Zile herufi za bluu hazikufutika hata kwa kuchemshwa, na ulikuwa ukinicheka kwamba mwalimu halali mpaka awe na cha kusoma. Siku hizi wanasema soko huria. Wanunuzi wa kahawa wanafika shambani na malori yao wenyewe, na sokoni mitumba, hata shuka na mapazia, imemwagwa chini kwenye maturubai kama mahindi. Nilisimama pale muda mrefu kuliko mnunuzi. Nilikuwa najiuliza ni nani aliyelala nyuma ya mapazia yale, na alipoyatoa, aliyatoa kwa kuhama au kwa kufa. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hapa tunanunua, hatuhoji."

Nikanunua pazia moja la kahawia, zito kama blanketi, kwa bei ya kitambaa chepesi. Nikajiona mjanja. Nikaongeza godoro la sponji, kisha nikapata nafasi kwenye lori la mfanyabiashara aliyekuwa akishuka kufuata dagaa. Kitanda chetu cha Maguu nilikuwa nimekifungua vipande vipande, pamoja na chaga zake, na blanketi zetu tatu nilizifunga juu. Utingo aliziangalia blanketi, akanitazama usoni, akaguna tu.

Sasa lazima nieleze chumba cha kwetu kinavyopangwa, ingawa ulikiishi miaka yote ile. Kwetu chumba hupangwa dhidi ya baridi. Kitanda kinaegemezwa ukuta wa jikoni, maana moto ukizimwa ukuta unabaki na uvuguvugu hadi alfajiri. Dirisha ni dogo na liko mbali na kichwa. Pazia zito. Hayo sikufundishwa na mtu, niliyakuta, kama mtu anavyoyakuta majina ya ndugu zake. Nilipofika Liuli nilifanya vilevile. Jua halijazama, kitanda kilikuwa kimesimama kwenye ukuta wa jiko, pazia limening'inia, mimi nimekaa najipepea na daftari.

Mdogo wako Ester alikuja jioni ile. Alisema, "Shikamoo shemeji," akasimama mlangoni, mkeka mpya umekunjwa kwapani. Nikaitikia, nikaupokea mkeka kwa shukrani nikidhani ni wa kukalia wageni, nikausimamisha nyuma ya mlango. Akatazama kitanda.

"Kumbe umeshaingiza kitanda."

Nikadhani ananisifu.

Sitakuchosha na majuma yaliyofuata. Ukuta wa jiko ulinichoma kama mtu mwenye homa aliyelala ubavuni mwangu. Sisimizi walikuwa na barabara yao pembezoni mwa ukuta ule, nami nilikuwa nimeweka mguu wa kitanda katikati ya njia. Bati jipya lilivuja sehemu moja tu, na sehemu hiyo ilikuwa juu ya miguu yangu. Nikafanya kama wasomi wanavyofanya, nikatibu kila dalili peke yake: makopo ya maji chini ya miguu ya kitanda, sufuria juu ya blanketi, kitambaa kibichi kifuani. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya. Nilihesabu wiki za masika zilizobaki na kuona kwamba mtihani naufeli.

Asubuhi moja Ester akipita na ndoo alinikuta nimesinzia juani, kitini, mdomo wazi.

"Shemeji, unalala au unakausha usipa?"

Usipa ndio dagaa wa ziwa hili, wanaoanikwa kwenye vichanja kila asubuhi, kwa hiyo wanawake waliokuwa nyuma yake nao walicheka. Yeye alicheka mpaka akatua ndoo. Kisha akaona macho yangu, akanyamaza. Ndipo nilipomwuliza kosa langu liko wapi.

Akaniambia kwamba hapa mtu haingizi kitanda siku ya kwanza. Ukihamia chumba unatandika mkeka katikati ya sakafu, unalala siku tatu. Unalala unakisikiliza. Unajua upepo unaingilia wapi, maji yanadondokea wapi, wadudu wanapita wapi, jua linakupiga wapi asubuhi. Siku ya nne ndipo unaingiza kitanda, na kitanda chenyewe kinajua pa kwenda. Alisema kwa wepesi, kama mtu anayeeleza namna ya kukoroga uji. Kisha akauliza, "Dada hakukwambia?"

Mama Agatha, nilikaa pale kitini jua likinipiga, sikuhama.

Nilikumbuka ulipoletwa Maguu. Mama yangu alikuwa ametandika kitanda kipya, amekisifu kwa majirani. Wewe ukatoa mkeka kwenye mzigo wako, ukautandika katikati ya chumba. Mama akaona bibi harusi amekikataa kitanda cha nyumba, na anayekataa kitanda amekataa na mwenye kitanda. Aliniambia hivyo mbele yako. Nami kwa aibu nikakwambia upande kitandani. Ulipanda. Ulikunja mkeka polepole, ukaupanga uvunguni.

Nilipohamishiwa shule ya Ukata ulitandika tena, ukasema unapumzisha mgongo. Kwenye nyumba ya shule iliyofuata ulisema safari imekuchosha. Nilidhani ni ukiwa wa watu wa ziwani, jambo litakaloisha lenyewe. Darasani nilikuwa nikiwaambia watoto asiyeuliza hajifunzi, kisha narudi nyumbani, nauvuka mkeka wako nikitafuta kandambili.

Na lile gunzi. Kila jioni ulikuwa ukichomeka gunzi la mahindi kwenye ubao wa dirisha letu, lisifunge kabisa, upite upepo wa upana wa kidole. Kila alfajiri nilikuwa nalitoa na kulitupa uani, nafunga dirisha, najifunika. Jioni kuna jingine. Miaka yote ile tulibishana kwa magunzi, bila hata mmoja wetu kufungua mdomo. Na upande wa dirisha ulilala wewe. Nilifikiri unanikinga baridi, nikakushukuru moyoni. Sasa nadhani ulikuwa unatafuta hewa.

Basi nilitoa kitanda nje, chote, nikiwa na miaka hii niliyo nayo, vijana wa jirani wakanisaidia huku wakiuliza kama nahama. Nikatandika mkeka wa Ester katikati. Nikawa kama mtafiti. Siku ya kwanza nilijifunza barabara ya sisimizi, kwamba wanatoka pembe ya jikoni na hawageuki hata ukiwasihi. Siku ya pili ilinyesha, nikaweka alama ya mkaa pale panapovuja, fundi akapaziba bila kubahatisha. Siku ya tatu nililijua dirisha la kusini. Huingia hewa ndogo yenye unyevu, inapita chini kabisa, karibu na sakafu, kisha inatokea mlangoni. Mtu aliyelala juu ya kitanda cha miguu mirefu ukutani haitamfikia hata aishi humo miaka kumi. Nililala siku hiyo mpaka kengele ya kanisa lenu ilipolia.

Siku ya nne kitanda kikaingia. Nilikikata miguu kidogo, kikashuka. Kimekaa chini ya dirisha la kusini, ubavu kwa ubavu na ukuta, na kwenye ukuta wa jikoni sikuweka kitu kinachopumua. Nimeweka sanduku langu la vitabu, juu ya matofali. Ester alinipa kafi la mtumbwi wa mume wake lililopasuka, nikalining'iniza kwa kamba mbili kutoka kwenye boriti, ndilo ninalotundikia nguo; kabati la fundi lingekula mafao ya miezi mingi, na tena kafi halizuii upepo. Ukuta tuliusiriba kwa udongo mweupe alioutoa yeye mtoni, na chumba kikawa na mwanga kama ndani ya yai. Lile pazia la kahawia nililojivunia nimelitandika juu ya chaga, chini ya godoro. Limepata kazi inayolifaa.

Dirishani nimeweka kanga yako ya bluu. Imechakaa, hata mtu wa nje anaonekana kama kivuli, lakini upepo ukija inajaa, kisha inapungua, kama kitu kinachovuta pumzi. Maneno yake yamefutika kabisa. Uliivaa mbele yangu miaka mingi, na sasa nakodoa macho nikitafuta ilikuwa inasema nini. Nimemwuliza Ester, naye hakumbuki.

Agatha alikuja masika yalipoisha. Alisimama mlangoni muda mrefu. Nilianza kumweleza habari za mkeka, tangu mwanzo, na nilikuwa bado kwenye lori la dagaa aliponikatiza.

"Baba, najua. Siku tatu. Mama aliniambia nikiwa darasa la tatu."

Nikamwuliza ilikuwaje akaambiwa yeye, mtoto, na mimi nisiambiwe.

"Nilimwuliza," akasema. Kisha akaona haitoshi, akaongeza kwa sauti ya chini, "Alisema, Mwalimu akitaka kujua, atauliza."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, upande wako, anabonyeza godoro kwa kiganja kama anavyofanya kazini kwake kwa vitanda vya wagonjwa. Alinitazama shingo, akanitazama mkanda, uliokwisha kurudi kwenye tundu lake la zamani. Alilala siku mbili hapa, chini, kwenye mkeka, kwa hiari yake. Asubuhi ya kuondoka nilikaa nikisubiri hukumu. Alikunja blanketi mbili kati ya zile tatu, akazifunga kwa kamba, akazibeba. "Hizi hutazihitaji," akasema. Akapanda gari peke yake.

Sasa tazama tulivyobadilishana. Wewe umelala kwetu, mimi nalala kwenu. Na hapa ndipo ninapotaka kukuomba radhi, maana tangu aondoke nafikiria pale tulipokulaza. Mahali pale nilipachagua mimi, kwa siku moja, kwa kanuni zangu za kwetu: karibu na mama, nyuma ya miti ya kivuli, mahali pasipofikiwa na upepo. Nilisema pale utakuwa umesitirika. Nilikuingiza siku ileile, Mama Agatha. Sikukutandikia mkeka.

Siwezi kukuhamisha, na sidhani ungetaka usumbufu huo. Lakini kipupwe kikianza nitapanda Maguu na panga langu. Kaka atasema nimerudi, wakwe wamenifukuza, mwache aseme. Nitakata matawi ya ile miti upande wa magharibi, upande wa ziwa, nifungue uwazi. Kabla ya kukata nitakaa hapo siku tatu, juu ya mkeka, nione hewa inatokea wapi. Nikikosea, nitauliza wanaojua.

Lala salama, mwenzangu. Giza linaingia, naona mstari huu mmoja tu ninaouandika. Dirisha nimelifunga kwa sababu ya mbu, ila si lote. Nimechomeka gunzi. Asubuhi sitalitoa.

Wako,
Mwalimu