Kwato Kwenye Majani

Kaka yangu,

Huku tuko salama, na banda halivuji tena. Uliniuliza kama farasi wako mchanga atafaa kupandwa. Mgongo ni imara, ila mguu wa mbele wa kushoto unapinda ndani, hata mtoto angeuona.

Nilimpitisha mbele ya Baba, kwenye kokoto. "Miguu imenyooka kabisa," akasema. Baba yetu, aliyekuwa akiona kasoro tangu getini! Roho haikutulia. Nikamrudisha kwa kupitia majanini, kwato zisisikike, nikamsimamisha mbele yake.

"Mbona humleti?" akafoka.

Kesho anataka kumpanda yeye kwanza. Hatamu nimezificha chini ya godoro langu. Njoo kabla hajaniuliza ziko wapi.

Mdogo wako