Msimamizi Ni Mimi

Jumapili, 4 Februari

Nimefika! Chumba chenyewe — nikinyoosha mkono kutoka kitandani nagusa jiko. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Si vibaya. Ukuta hauchungulii.

Bado nasikia sauti ya mama mkwe mlangoni: mwanamke gani anaacha nyumba yake akalee wazee wa watu? Nikamjibu nyumba ina baba yake. Akaguna. Mume wangu alibeba sanduku tu. Binti yetu hakulia. Mimi ndiye niliyelia, tena kwenye ndege, pembeni ya mtu anayekoroma.

Mkataba nimeusoma tena: msimamizi wa wauguzi. Si msaidizi. Si mwanafunzi. Msimamizi.

Jumatatu, 5 Februari

Siku ya kwanza kwenye makao ya wazee. Meneja kanipokea vizuri, kahawa, tabasamu. Halafu kaniambia kwa kuanza niwe nasaidiasaidia tu, kuwaogesha wazee, mpaka nizoee. Nikamwuliza nizoee nini? Maji? Nimeongoza wodi ya upasuaji miaka na miaka! Akacheka. Mimi sikucheka.

Kuna muuguzi mmoja wa siku nyingi, amekuwa akikaimu nafasi hii. Funguo za kabati la dawa anazivaa shingoni kama medali. Nimeshambatiza: Mama Funguo. Nikamwomba anikabidhi. Akasema hajaambiwa. Nikamwambia sasa umeambiwa, na aliyekuambia ni mimi. Kanitazama juu mpaka chini. Nami nikamtazama chini mpaka juu.

Funguo hakunipa. Lakini leo sijaogesha mtu.

Jumanne, 6 Februari

Kanipa. Kazibwaga mezani, paaa! Nikasema asante, dada. Yote heri.

Alhamisi, 15 Februari

Lugha yao inanipa tabu midomoni. Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kila mtu anamwita Mwalimu. Leo nimemwuliza anataka sukari kiasi gani, akanizuia — nirudie sentensi kwanza. Nimeirudia. Akasema nusu maksi. Chai ikapoa. Nikamwambia na wewe hukumaliza uji, kwa hiyo nusu maksi. Kacheka mpaka kakohoa, ikabidi nimpige mgongo.

Nampenda huyu mzee. Basi, nimeandika.

Mgeni mmoja kaja kumwona mama yake, kanipita, kaenda kumwuliza mfagiaji msimamizi yuko wapi. Mfagiaji kanionyesha mimi. Mgeni kauliza tena! Nikamwendea mwenyewe, nikampa mkono. Msimamizi ni huyu hapa, hakuna mwingine nyuma ya pazia.

Jumamosi, 24 Februari

Leo nimekagua ratiba za zamu. Nimepigwa na butwaa. Usiku ghorofa ya juu nzima anaachiwa mhudumu mmoja. Mmoja! Na huko juu ndiko waliko wasioweza kusimama bila kushikwa. Nikaenda kwa Meneja. Akasema ndivyo ilivyo siku zote na hakuna lililowahi kutokea. Nikasema tunasubiri litokee? Akatazama saa yake.

Nilipotoka nikamkuta Mama Funguo kwenye korido. Alikuwa amesikia. Akasema na yeye alishalisema hilo, akalirudia, mpaka akachoka. Nikamwambia mimi bado sijachoka. Akasema, "Utachoka." Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jumatatu, 4 Machi

Limetokea.

Nimeingia asubuhi, gari la wagonjwa liko mlangoni. Mwalimu kaanguka usiku, ghorofa ya juu. Nyonga imevunjika. Alikuwa anakwenda chooni mwenyewe, alibonyeza kengele, hakuna aliyefika.

Zamuni alikuwa Kicheko — mhudumu mhamiaji kama mimi, tumempa jina hilo kwa sababu hucheka kabla hujamaliza kusema. Leo hakucheka. Alikuwa chumba cha mwisho, anambadilisha bibi aliyechafuka, mikono yote miwili imeshika mtu. Kengele aliisikia. Angemwacha bibi aanguke ili akamdake Mwalimu?

Mwalimu akiwa kwenye machela kanishika mkono. Midomo imekauka. Kaniambia neno, nikalirudia vibaya. Hakunisahihisha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 5 Machi

Meneja kaniita, kafunga mlango. Anataka taarifa yangu kama msimamizi — leo usimamizi wangu umeonekana! — iseme Kicheko alizembea. Pengine alisinzia, akasema. Nikamwuliza nani alimwona amesinzia? Akasema wakubwa wanahitaji jina.

Nikasema ninalo. Aliyepanga mtu mmoja ghorofa nzima. Andika hilo.

Uso ukambadilika. Kisha taratibu, kama anampa mtoto pipi: nikumbuke kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa kwenye kazi hii. Nikipoteza kazi, nafunga virago.

Nimempa vidonge vyake, bila maji. Nikamwambia virago vyangu ni vyepesi, sanduku moja, nimelibeba kuja nitalibeba kurudi. Nikatoka. Kwenye ngazi nikakaa. Hakuna aliyeniona. Ningejua wananiona ningesimama.

Jumatano, 6 Machi

Nimempigia mume wangu, nikamweleza habari ya taarifa. Kasema, "Saini tu, mama. Huko nani atajua?"

"Mimi."

Akasema mtoto ameshazoea kuambiwa mama anakuja kutuchukua. Nikasema najua. Akasema basi fikiria. Nikasema nafikiria tangu jana, wewe ndiye umeanza sasa hivi.

Ghafla simu ikanyang'anywa. Mama mkwe! "Shikamoo mama," nikasema. Hata hakuitikia. "Usisaini! Nilikukatalia kwenda kwa sababu nilijua watataka kukufanya mdogo. Mimi mwenyewe nimejaribu miaka yote hiyo, nimeshindwa! Sasa hao ni akina nani?"

Nimecheka mpaka machozi. Mume wangu kwa mbali anasema mama, nipe simu. Hakumpa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeenda hospitali kumwona Mwalimu. Kapasuliwa salama. Amepungua, shuka limemzidi. Nimemsomea gazeti. Makosa ya hapa na pale, akanyamazia yote, mpaka ukurasa wa michezo — akainua kidole. "Rudia."

Nimerudia kwa furaha!

Ijumaa, 8 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi. Wakubwa wawili, mwanamke na mwanamume, wamekuja kutoka makao makuu. Mama Funguo aliingia kwanza, mlango ukafungwa. Alipotoka nikamwuliza umewaambia nini? Akasema, "Niliyoyaona." Akapanda juu kuendelea na dawa. Sijui aliyaona yapi.

Kisha mimi, Meneja naye yumo ndani. Wana adabu, hawa. Wameleta maneno mapya: taarifa iseme tu chanzo hakijulikani. Kicheko abaki na kazi, mimi nibaki na kazi, Mwalimu apone, yaishe. Kalamu ikasogezwa mbele yangu.

Nikaomba nitoke kidogo. Kicheko alikuwa ananisubiri kwenye korido. Kanishika mikono yote miwili. "Saini, dada. Nakuomba. Nina watoto." Nikamwuliza, na wiki ijayo akianguka mwingine, zamu ikiwa yako tena? Akafuta macho kwa mkono wa sare. "Sijui," akasema. "Sijui, dada."

Haya ndiyo yaliyoniuma. Kumkatalia Meneja ni rahisi, hata usingizi napata. Kumkatalia Kicheko!

Nimerudi ndani. Sikukaa. Nikawauliza kitu kimoja tu: leo usiku, ghorofa ya juu, yuko nani?

Meneja akataja mtu.

Na nani?

Wakatazamana. Yule mkubwa mwanamke akavua miwani. Nikasema chanzo kinajulikana, na leo usiku kipo tena kazini. Nikasukuma kalamu upande wao. Andikeni ninyi basi, jina linalotafutwa ni lenu. Kicheko simtaji, na neno "hakijulikani" siliweki.

Wameniambia nisubiri nje.

Sasa Meneja yuko kwenye simu. Ukuta huu ni mwembamba, namsikia vizuri. Anamwuliza mtu kama anaweza kuja leo. Hapana, leo hii hii. Anabembeleza! Sijawahi kumsikia akibembeleza.

Sijui anamtafuta mtu wa pili wa ghorofani au mtu wa kukalia kiti changu. Amekata. Anapiga nyingine.

Beji yangu iko kifuani. Anayeitaka aje aivue mwenyewe. Mlango unafunguka.