Msumeno Mmoja wa Karakana na Saiti

Jumatatu, 3 Machi
Msumeno wa pembe, ule wa umeme wa kukatia kona za fremu, umekufa. Moshi, harufu ya waya, kimya. Mlango wa mteja umebaki nusu. Mdogo wangu kakaa juu ya benchi, anatabasamu! Eti afadhali, sasa tutanunua wa maana. Mwaka mzima fremu zetu zinaacha nyufa kwenye kona, na mkataji ni yeye. Nikamwambia mkono wako ndio mbovu. Akanuna. Anune.

Jumanne, 4 Machi
Hatuelewani. Uwezo wetu ni msumeno mmoja tu, wa karakana na wa saiti. Mimi nataka mzito, meza pana, usiotikisika. Yeye anataka mwepesi. Dada, anasema, ngazi za ghorofa ya tatu napanda mimi, wewe unabaki hapa na chai yako. Chai yangu! Nani anapima kila ubao humu ndani?
Mwishowe katoa la moyoni. Fundi mkuu wa saiti anamtaka, kazi ya kudumu. Tukinunua mzito, anaondoka. Aiache karakana ya Baba! Nikamwambia mlango uko wazi.

Alhamisi, 6 Machi
Dukani. Nimekwenda na guni ya Baba, kile chuma cha kupimia kona — hakiguswi na mtu ila mimi. Muuzaji akakata vipande, nikapima. Msumeno mzito: mwanga unapenya chini ya guni, yaani kona haiko sawa. Mwepesi: unapenya. Ule wa bei ya kati, unaoteleza mbele ukakata ubao mpana — nao unapenya, upande uleule. Muuzaji akasema labda nijaribu guni yake. Mimi! Niliyekulia kwenye maranda! Takataka zote. Nimerudi mikono mitupu.

Ijumaa, 7 Machi
Kanunua! Bila mimi. Ule wa bei ya kati. Eti unabebeka, na mezani umetulia, kila mtu kapata chake. Nikapima mbele yake. Mwanga. Rudisha uchafu huu, nikasema. Akaanza kukusanya patasi zake, anazifuta mojamoja. Kesho anakwenda kwa fundi mkuu. Sawa. Aende!

Jumamosi, 8 Machi
Nilitaka kumuumbua kabla hajaondoka. Nikachora mstari kwa guni, nikaigeuza, nikachora tena palepale. Baba alitufundisha hivyo tungali wadogo: guni ikiwa nzima, mistari inalaliana. Haikulaliana. Inaachana kama miguu ya ngazi. Nikabadilisha ubao. Vilevile.
Guni imepinda. Na kila asubuhi nilikuwa naurekebisha ule msumeno wa zamani kwa guni hii! Kila ufa nikamtupia yeye, mbele ya wateja, mbele ya Mama.
Nimekata pembe mbili kwa msumeno wake mpya, nikaziunganisha. Hata unywele haupiti. Nimelia, maranda yamejaa puani.
Yuko nje, anafunga begi la patasi kwenye baiskeli. Sasa hivi kauliza dirishani, bila kunitazama: dada, msumeno nauacha au nauchukua? Nimesema subiri. Anasubiri. Guni iko mapajani kwangu. Kusema nisamehe kumenishinda, ndiyo maana naandika. Nasikia stendi ya baiskeli imepigwa teke, anataka kuondoka —