Kaka Anataka Kuweka Dole Gumba kwa Niaba ya Mama

Mpendwa Bi Ashura, shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, na ninaomba asinitulize mtu kwanza.

Nina miaka ishirini na sita, nafundisha baiolojia sekondari hapa Kibaha, na nyumbani kwetu ni Mbwawa, ambako baba alihamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga kabla sijazaliwa. Baba ameshafariki, na mkubwa wa kaya sasa ni kaka yangu Masumbuko, anayechunga upande wa Kisarawe na kuja nyumbani panapokuwa na jambo. Jambo lililopo ni mama. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, na katika kaya yetu watu wazima wote wanajua isipokuwa yeye.

Siku ya majibu, kwenye hospitali moja kubwa Dar es Salaam, daktari aliruhusu msindikizaji mmoja tu, akaingia kaka, kwa sababu Kiswahili cha mama ni cha sokoni na mambo mazito anayataka kwa Kisukuma, basi daktari akasema saratani na kaka akamtafsiria mama kwamba ni uvimbe wa uzazi, unachomwa kwa mionzi unaisha, mama akashukuru, wakatoka. Mimi niliambiwa ukweli tulipofika Mbwawa, nyuma ya zizi, pamoja na amri: "Hilo neno lisitamkwe hapa. Ukimtajia mtu kifo chake, umemwitia."

Sasa pale hospitali kuna utafiti. Wagonjwa wa hatua kama ya mama wanapata mionzi na dripu za kemo kama kawaida, halafu baadhi yao wanaongezewa dawa mpya inayoiamsha kinga ya mwili iutambue uvimbe na kuushambulia. Tulipompeleka mama kutolewa damu, nesi wa utafiti, Yasmin, alitufuata koridoni akasema anataka kuongea na mgonjwa. Mama alikuwa bado ndani. Kaka akasema, "Ongea na mimi. Hiyo dawa tunaitaka."

"Sawa, lakini lazima mgonjwa mwenyewe aelezwe anaumwa nini, aelewe, ndipo akubali."

"Mimi ndiye mkubwa wa kaya. Lete wino niweke dole gumba langu."

"Dole gumba lako litakuingiza wewe, kaka yangu. Una shingo ya kizazi?"

Akina mama waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotuharibia, kwa sababu kaka aliinuka akavuta koti lake akasema kama haiwezekani mpaka mama aambiwe, basi wakae na dawa yao, mama yake si panya.

Bi Ashura, mimi somo la kinga ya mwili nalifundisha ubaoni kila mwaka. Najua dawa hizi zimejaribiwa sana kwa wanawake wa nchi za mbali, miili yao ndiyo inayojulikana jinsi inavyozipokea, na sisi tunaletewa mwishoni, wenye nacho wanapona na wengine tunaambiwa tusubiri. Kwa nini tuwe wa mwisho siku zote? Saratani hii haitufikii sisi mwishoni. Safari hii mlango umefunguliwa mbele ya mama yangu, na anayeufunga ni mwanawe. Tena kaka huyu huyu, chanjo mpya ya ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe, ilipoletwa kujaribiwa kule Kisarawe, alikuwa wa kwanza kupeleka ndama wake! Nilipomkumbusha, akasema, "Ndama haogopi kufa." Nikakosa jibu, na mpaka leo sijalipata.

Kuna mtu mmoja anayeweza kulisema hilo neno bila kaya kuvunjika. Jirani yetu Bi Mboni ni Mzaramo, na Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anasema lolote, hata msibani, na kumkasirikia ni aibu yako. Wiki iliyopita alimkuta mama ameketi uani akaanza, "Wewe Msukuma mla michembe ya viazi, umekonda hivyo, hao ng'ombe unamwachia nani?"

Mama akamjibu, "Si wewe, Mzaramo. Ng'ombe wanataka mtu wa kuamka mapema, wewe usiku mzima uko ngomani."

"Basi kufa haraka nirithi hata kanga."

Tukacheka wote, mama naye akacheka, halafu akaacha kucheka kabla yetu akanitazama. Nikaondoka na Bi Mboni mpaka njiani nikamwomba amwambie mama jina la ugonjwa, kwa njia ya utani. Akasema, "Nitamwambia. Nikilisema mimi halitakuwa mkosi. Lakini kamuulize kwanza mtu mwenye akili kuliko wewe."

Ndiyo maana nakuuliza. Nimtume mtani, au niseme mwenyewe? Kaka ameapa kwamba nikilitamka hilo neno nisijihesabu tena kuwa nina kaka. Mionzi inaanza mwezi ujao na nesi anataka jibu kabla ya hapo. Usiniambie nisubiri. Mama lazima aingie kwenye utafiti huu.

Binti wa Mbwawa, Kibaha

BI ASHURA ANAJIBU

Marahaba, binti. Pole kwa ugonjwa wa mama. Sikutulizi, hasira yako ni ya haki. Ila nakugombeza.

Rudia kusoma sentensi yako ya mwisho. "Lazima aingie." Nani amesema? Kaka yako amemficha mama jina la ugonjwa, wewe umeshamtungia jibu, na tofauti yenu ni kwamba wewe umesoma. Mwanamke aliyetoka Shinyanga na mifugo mpaka Pwani, akazaa, akalea, akazika mume, leo watoto wake wanagombea kidole chake kana kwamba hakipo mkononi mwake! Kaka alitaka kuweka dole lake mahali pa dole la mama. Wewe unataka kulishika la mama na kulikandamiza kwenye wino. Simuoni aliye afadhali.

Kuhusu Bi Mboni, muache apumzike. Neno la mtani linaweza kuchekwa likapita, na mama akitaka kulikwepa atacheka, nanyi hamtajua kama alielewa. Tena niambie kweli: unamtuma mtani ili mama asikasirike, au ili wewe usiwepo uso wake utakapobadilika? Kazi hiyo ni yako. Alikuzaa, akakufundisha lugha yake, ukasomeshwa. Kama si wewe, nani?

Kaka usimwombe ruhusa, mpe taarifa. "Kaka, Jumamosi mchana namwambia mama. Njoo uketi nasi." Aliyesema ndama haogopi kufa si mtu mbaya, ni mtoto aliyeogopa, na kama hukupata jibu ni kwa sababu hata wewe unaogopa. Lakini woga wa mtoto haumpi mamlaka juu ya mwili wa mama. Akikataa kuja, endelea. Akikufukuza, ondoka ukarudi kesho yake. Mama yako bado yupo hapo na mlango ni wake.

Kabla ya Jumamosi nenda kwa Yasmin. Muulize mama akiangukia kundi lisilopewa dawa mpya atatibiwa vipi, dawa hiyo ina madhara gani, nauli ya kutoka Mbwawa itakuwa juu ya nani, na kama anaweza kujitoa katikati bila kunyimwa mionzi. Kisha muulize hivi: utafiti ukiisha na dawa ikionekana inafaa, wanawake wa Mbwawa na Kisarawe wataipata au itakuwa ya wenye uwezo? Hilo uliza kwa sauti, wenzako wa kwenye foleni wasikie. Wakikuzungusha, uliza tena. Hasira yako ipeleke huko, ina kazi. Na usimwahidi mama kupona, maana utafiti hufanywa kwa sababu bado hawajajua.

Wala ugomvi wenu usiguse tarehe ya mionzi. Awe ndani ya utafiti au nje yake, siku yake ikifika awe hospitali.

Jumamosi sema kwa Kisukuma. Anza kwa kumuuliza, "Mama, unadhani unaumwa nini?" Mwanamke aliyeacha kucheka akakutazama, huenda anakusubiri tu wewe. Litaje neno lenyewe, usilivike jina jingine. Mweleze matibabu yaliyopo, kisha utafiti, faida yake na hatari yake, kama unavyowafundisha watoto wa watu. Halafu nyamaza. Mwache aulize, mwache alie, mwache akutume ukamwite Masumbuko aje akaripiwe.

Akisema ndiyo, nendeni, na dole liwe lake. Akisema hapana, utaumia sana, na utamsindikiza kwenye mionzi bila kumnunia.